Siku moja ya fundi mapazia, Mombasa

Saa 11 alfajiri niko kivukoni Likoni na mkoba wangu: futi kamba, makasi, wembe, pini. Saa 1 nafungua karakana Mwembe Tayari, namwachia kijana wangu foronya za kutia zipu, naondoka.

Saa 4 nabisha hodi Nyali, na hapo ndipo siku ilipokwama.

"Fundi, kitambaa ulichonipa ni kibovu!" Salamu hata hatujaimaliza. Mapazia ni ya rangi ya damu ya mzee, niliyashona mwaka jana. Sebule inatazama bahari, jua la asubuhi linaingia lote. Kila mkunjo uliotokeza upande wa kioo umepauka, na katikati rangi bado imeiva, mistari mitupu. Siku ile nilimsihi tutie bitana, kile kitambaa cha pili cha upande wa kioo, akaona gharama.

"Na hapa ndani hakuna joto, AC inawaka kutwa!"

Neno hilo nalisikia kila wiki, na linaniuma. Joto huchangia, lakini mlaji mkuu wa rangi ni mwanga. Kioo cha kawaida huzuia sehemu tu ya urujuanimno, ule mwanga wa jua usioonekana kwa macho. Unaobaki unapita, na mwanga huu tunaouona nao unakula. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta!

Nikapiga magoti, nikafumua pindo shibiri moja. Ndani, kilipokunjwa mara mbili, kitambaa kilikuwa chekundu kizito kama siku nilipokikata. Nje, waridi lililochoka. "Ingekuwa kufua, mama, hata pindo lingechuja."

Akalishika, akanyamaza.

"Ukikitia dawa, rangi itarudi?"

Hairudi. Nachukia kulisema hilo.

Akataka nimshonee mengine bure. Nikakataa kwa adabu, tukavutana mpaka adhuhuri ikapita. Mwisho tukakubaliana: mapya, yenye bitana nyeupe nzito, na kioo kibandikwe filamu ya kuzuia urujuanimno. Ila mwanga bado utapita, nikamwambia, kwa hiyo asubuhi avute pazia, na mito ya kochi aigeuze kila mwezi. Wazee wa Mji wa Kale walijenga kuta nene na madirisha ya vibao. Jua la kwetu walilijua.

Kurudi, foleni darajani, mgongo unawaka. Bitana nimekata magharibi imeshaingia, macho hayaoni uzi vizuri.

Kipande nilichokata kwenye lile pindo nimekitia mkobani. Kesho nina mteja Tudor, dirisha lake linatazama magharibi, na bitana ameshaniambia hataki.