Vanishi ya brashi zangu za kunyolea ilikuwa inapauka, mzani ndio ulionionyesha mchawi

Mtu akiniambia tena "ongeza koti moja tu itakaa sawa" (koti ni mpako mmoja wa vanishi) nadhani tutagombana, maana huo ushauri umenilia miezi mizima.

Natengeneza brashi za kunyolea, zile za kupakia povu usoni. Mpini naukereza mwenyewe, kifungu cha nywele nanunua kikiwa tayari, natoboa tundu la milimita 22 au 24 juu ya mpini nakigundisha humo. Kukereza sio ishu, mkono ukishazoea unazoea. Shida ilikuwa kung'arisha, yaani kuifanya ile mbao ikae kila asubuhi kwenye maji ya moto na sabuni isiharibike.

Za kwanza zilikuwa 12 na zilikuwa zinang'aa hadi unajiona, nikazigawa kwa majigambo kabisa. Wiki kama tatu hivi jamaa mmoja akanitumia meseji, "kaka hii brashi yako imeota ukungu". Mimi nikajua fangasi, nikamjibu kwa dharau aache kuifungia kabatini ikiwa mbichi, aianike. Kumbe ukungu anaousema ni ule wa kwenye kioo ukikipulizia pumzi, vanishi imekuwa nyeupe nyeupe kuanzia kitako cha mpini inapanda juu. Nikaanza kuwapitia wengine kimya kimya kama nimekuja kusalimia tu, saba kati ya 12 zimekwisha, na mbili zimepasuka pale ukingoni karibu na nywele, ukikwangua kwa kucha linabanduka ganda zima.

Nikauliza watu, jibu ni lile lile, ongeza koti. Nikapiga koti tisa ndani ya siku mbili. Nikakaa nazo wiki nikijua zimekauka, nikishika mpini kidole gumba kinabaki kimechorwa pale! Ukipiga ya juu kabla thina ya chini haijatoka unaifungia ndani, juu panakauka chini bado ujiuji. Siku hizi mimi nanusa. Mpini ukiwa bado una harufu haujakauka, hata kama mkononi unaona mkavu, weka pembeni.

Mzee mmoja fundi kabati, namheshimu sana, akaniambia kijana achana na vanishi, paka mafuta ya kitani mbao ipumue. Shikamoo yake palepale lakini hiyo mbao imekatwa na kukaushwa, inapumua nini? Kwa kitu kinachokaa pakavu ni mazuri, kwa brashi mpini ulikunywa maji kama haujapakwa kitu. Na vile vitambaa vya hayo mafuta usivikunje ukavitupa kwenye ndoo, vinajipasha moto vyenyewe hadi kuwaka, vitandaze vikauke kwanza.

Nikahamia supagluu, wengi wanang'arishia hiyo na kweli inatoa kioo. Sasa mimi kwa ujanja wangu nikaona tishu zinachanika, nikachukua pamba, nikaimwagia ya kutosha ili nimalize haraka. Sekunde chache pamba ikawa ya moto, moshi ukaanza kutoka, nikairusha ikagandia kwenye apron, macho yanawasha machozi yanatoka, natafuta dirisha siku hiyo sikulikumbuka liko wapi. Supagluu na pamba haziendani, zikikutana zinatoa joto kali. Tumia tishu na ukubali zichanike.

Aliyeniokoa ni mzani wa jikoni, tena niliuchukua kwa hasira tu. Nikapima mpini mmoja bila nywele, gramu 61, nikautumbukiza majini usiku kucha (ulikuwa unaelea, nikaukandamiza na kikombe), asubuhi nikaufuta nikapima, 66. Gramu tano za maji, na huo ndio wenye koti tisa! Kwa hiyo maji hayapiti kwenye vanishi, kuna mlango mwingine. Nikachukua mipini mitatu, mmoja nikaziba kitako kwa nta, wa pili nikaziba tundu, wa tatu nikaziba kote kuwili. Wa tatu haukuongezeka hata gramu.

Hapo ndio nikajiona mjinga, kwa sababu nilikuwa napiga vanishi kwanza, halafu ndio natoboa tundu. Yaani nje nimepaka weee halafu katikati naacha mbao mbichi, na gundi naweka tone tu chini, pembeni pote wazi. Mbao ni kama mirija iliyofungwa pamoja, na pale tunduni na kwenye kitako ndio midomo ya mirija iko wazi. Maji yanaingia kwa ndani, mbao inavimba, vanishi inasukumwa kutoka chini. Koti 50 zisingesaidia.

Sasa natoboa kwanza, ukuta wote wa tundu unapakwa epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili, kitako nakinywesha supagluu nyepesi mpaka kikatae. Ukingo naulainisha uwe wa mviringo, kona kali vanishi inaikimbia inabaki nyembamba, ndio maana zile mbili zilipasukia pale. Ukipata mpingo futa kwa asetoni kabla tu ya kugundisha, una mafuta yake unaikataa gundi. Msasa wa mwisho simamisha mashine ya kukerezea usugue kufuata njia ya mbao, halafu mulika tochi kwa ubavu, mikwaruzo ambayo taa ya juu inaificha yote inajitokeza.

Nimenunua na kamzani kadogo kanakosoma hadi pointi za gramu, hela yake sio kitu ukilinganisha na vanishi niliyomwaga. Kila mpini unalala majini kabla ya kuwekwa nywele, ukiongezeka zaidi ya nusu gramu hauuzwi. Wiki iliyopita mmoja ulifeli, mti mzuri balaa, una ufa mwembamba kama unywele. Sikuutupa, tundu linaenea penseli tatu vizuri tu, upo hapa mezani.