Siku moja maishani mwangu: Kuitafutia filamu mshirika, Melbourne

Saa 11:30 alfajiri. Agosti hapa baridi inauma mpaka meno. Toronto bado ni jana, saa 9:30 alasiri, na simu ya prodyuza wa huko inanikuta na blanketi mabegani. Skripti kaipenda. Ila anataka dairekta, mhariri na mtunzi wa muziki wote watoke kwake, na pesa anayoleta ni robo ya bajeti. Haiendi hivyo. Kwenye ushirika rasmi, yaani filamu inayotengenezwa na nchi mbili chini ya mkataba wao, ukubwa wa mfuko wako na wingi wa watu wako lazima viendane. Tunaagana vizuri, lakini najua hatarudi.

Saa 3 asubuhi. Ofisini. Mimi ni msaidizi wa prodyuza, mzaliwa wa Mombasa, na kutwa nzima nashinda kwenye Excel. Tunahangaikia mkataba kwa sababu Screen Australia, taasisi ya serikali ya mambo ya filamu, wakiitambua filamu kuwa ya ushirika rasmi, inahesabiwa ya Kiaustralia bila kupimwa kama hadithi yake ni ya Kiaustralia kweli. Hapo Producer Offset, marejesho ya kodi kwa prodyuza, inafunguka: filamu ya sinema hurudishiwa 40% ya matumizi yanayostahili ya huku. Wageni hudhani tunapewa hundi mlangoni. Wapi! Pesa huja filamu ikishakamilika, kupitia hesabu za kodi. Mpaka wakati huo unakopa kwa kuitegemea, na riba nayo inakula bajeti.

Saa 6 mchana. Soko la 37°South, linaloandamana na tamasha la filamu la Melbourne. Meza, miadi, kahawa. Narudia hadithi ile ile mpaka mate yanakauka.

Saa 11 jioni. Johannesburg ni saa 3 asubuhi, na hapa ndipo penye matumaini. Australia ina mkataba na Afrika Kusini. Na Kenya haina. Yaani filamu kuhusu mama wa Mji wa Kale na mwanawe aliyehamia Melbourne inabidi ipitie Johannesburg ndipo ifike Mombasa, na kupiga picha huko Mombasa pia tuombe idhini, kwa kuwa ni nchi ya tatu. Waigizaji nao kwa kawaida watoke kwenye nchi mbili za mkataba.

Mwenzetu wa Johannesburg ametuma video ya mwigizaji wake. Dada ana uso wa kukusimamisha, anajua kulia bila kutoa chozi. Kisha anafungua mdomo: "Ka-ri-BU mwa-NAN-gu." Bosi ananitazama. "Ni sawa, siyo?" Namwambia mama huyu hata "karibu" asingesema. Angesema "Ndoo hapa," yaani njoo, kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa.

"Ndoo? Si ulinifundisha ndoo ni ya maji?"

Nimecheka peke yangu.

Saa 2 usiku. Naandika barua ya kuomba ruhusa ya kumchukua mwigizaji wa Mombasa, kwamba skripti yenyewe inamdai. Nimefuta aya ya kwanza mara nne. Utamwelezaje Kimvita mtu wa Screen Australia?

Saa 3 usiku. Mombasa ni saa 8 mchana. Nampigia shangazi.

"Shikamoo shangazi. Nakuomba unisomee sentensi moja, nakurekodi."

"Marahaba. Ya nini?"

"Ya serikali ya Australia."

Kimya. Kisha: "Nnalipwa?"



Nimeiambatisha kwenye barua, pamoja na hilo swali.