Alama mbili za penseli

Jumamosi, saa tatu usiku

Jua la Julai huku Shropshire, Uingereza, bado halijazama vizuri, na Kusi kalala chali kwenye kochi, miguu yote minne juu. Kesho saa nne asubuhi ataingia ulingo wa maonyesho ya mbwa kwa mara ya kwanza. Mkanda wake mpana wa ngozi nimeupaka mafuta na kuutundika kwenye kitasa cha mlango. Kimebaki kitu kimoja, fomu ya kujiandikisha, na imekaa mezani tangu Jumatano.

Kwa wasiowafahamu, Kusi ni lacha. Lacha si mbwa wa ukoo mmoja. Ni chotara: upande mmoja mbwa wa mbio, yaani greihaundi, wipeti, saluki au dirhaundi, upande wa pili mara nyingi mbwa wa kazi kama koli au teria. Kwa kuwa hana ukoo wa kuandikwa, Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1873, hakimhesabu kuwa aina, na mashindano ya aina za mbwa pale Crufts, maonyesho makubwa ya chama hicho, hayamhusu. Mahali pake ni viwanja vya vijijini, nyuma ya mahema ya keki na mboga, ambako tangu zamani Wagipsi, wakulima na wawindaji wa sungura walileta mbwa wao kulinganishwa. Napenda kwamba anaanzia hapo. Ndiko walikotoka wenzake.

Alipatikana mwezi wa Februari, miaka miwili iliyopita, amefungwa kwenye lango la shamba. Nilikwenda kwenye makazi ya mbwa waliotelekezwa kumsindikiza mwenzangu wa kazini. Yeye hakuchagua mbwa siku ile. Mimi nilirudi peke yangu siku tatu baadaye, na ilipofika Juni nikaruhusiwa kumchukua. Jina la Kusi nilimpa nilipomwona akikimbia kwenye uwanja wao uliozungushiwa uzio. Nilisimama pembeni, akapita, na nikausikia upepo wake usoni.

Lakini kumshika sikujua. Mimi nimekulia Tanga, na mbwa pekee mtaani kwetu alikuwa wa jirani, wa kulinda ghala. Tulimpita mbali. Akitugusa nguo, zilivuliwa na kufuliwa kabla ya swala. Mikono yangu haikuwahi kujifunza mbwa anashikwaje, na Kusi naye alikuwa amejifunza kwamba mkono ukiinuliwa unaleta jambo baya. Wiki ya kwanza nilimpima urefu kwenye fremu ya mlango wa jikoni: kitabu juu ya mabega, penseli chini ya kitabu. Inchi 22 na nusu. Alama ile bado ipo.

Mama nikimpigia kwa video humwona akipita nyuma yangu.

"Mwanangu, mbona amekonda hivyo? Humlishi?"

"Anakula, Mama. Ndivyo walivyo hawa."

Na ndivyo walivyo kweli. Mbwa wa mbio mwenye afya huonyesha mbavu zake za mwisho na mifupa ya nyonga. Akinenepa anaumia viungo. Hata barabarani hapa watu husimama kuniuliza kama ninamlisha.

"Haya. Ila ukishamaliza naye, jioshe mara saba, na moja kwa udongo."

"Ndiyo, Mama."

Chumba ninachoswalia haingii, na nguo zangu za swala ziko kabatini, mbali naye. Tumezoea. Mjomba aliyeko Muscat ndiye aliyenitetea: alimweleza Mama kwamba Mabedui humlaza saluki hemani mwao, na akamkumbusha aya ya 4 ya Suratul Maida, inayohalalisha windo la mnyama aliyefunzwa. Masikio ya Kusi, yenye shungi la manyoya marefu, yanaonyesha wazi kwamba ana saluki ndani yake. Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mbwa wangu amefunzwa.

Swali hilo ndilo lililonifanya nianze.

Jirani yangu, mzee aliyefuga lacha tangu ujana, alinieleza jaji anataka nini. Mbwa asimame amejinyoosha, uzito umegawanyika sawa miguuni. Atembezwe, kisha akimbizwe taratibu kwenda na kurudi, ili hatua zake zionekane. Na ashikwe: mabega, mgongo, mapaja, kucha, na midomo ifunuliwe meno yaonekane. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonitisha.

Amri ya kusimama nilichukua ile ya gwaride la shule: "Mguu sawa!" Na ile mbio ya taratibu kwangu ni mchakamchaka, hakuna neno linaloifaa zaidi. Kila alfajiri tulikwenda hivyo kwenye njia ya nyuma ya kanisa, mimi nikihesabu hatua kwa sauti, yeye kushoto kwangu. Zawadi yake ni dagaa. Nawanunua Birmingham, wakavu, wasio na chumvi, nawachambua mchanga na kuwachemsha. Kusi husimama mguu sawa kwa dagaa mmoja kwa uvumilivu ambao sijauona kwa binadamu.

Kumshika kulichukua miezi minane. Nilianza kwa mgongo wa mkono begani, sekunde moja, dagaa. Baada ya wiki kadhaa, kiganja. Kisha kifua, kisha masikio. Ngozi yake ni nyembamba mno. Mwiba tu wa uzio unaipasua, na pajani ana kovu refu la seng'enge la kabla hajawa wangu. Nilidhani litamharibia. Mzee alilipapasa kwa kidole gumba akasema kovu la kazi halihesabiwi kosa kwa lacha. Aliniambia pia kwamba enzi zake walifukuza sungura-pori mashambani, na kwamba sheria ya mwaka 2004 ilikomesha hilo hapa Uingereza na Wales. Sungura wa mashimo na panya bado wanaruhusiwa kwa idhini ya mwenye ardhi. Hakusema kama aliyemwacha Kusi alikuwa mwindaji wa usiku. Sote wawili tulilitazama lile kovu tu.

Mwezi wa Machi nilikosea. Nilikata ukucha wa mguu wa mbele wa kulia hadi kwenye nyama. Damu ilitoka nyingi, nikaizuia kwa wanga wa mahindi, na yeye akaingia nyuma ya mashine ya kufulia akakaa humo mpaka usiku. Siku kumi hakukubali nimguse mguu. Nililia, kwa sababu nilijua nimemthibitishia alichokuwa anakiamini. Tukaanza tena na mgongo wa mkono, begani, sekunde moja. Sasa situmii mkasi; nasugua kucha kwa tupa, mbilimbili kila jioni, na jana alisinzia katikati ya kazi.

Jumatano nilimwogesha, maana Mzee husema akiogeshwa siku ya mwisho manyoya hayana muda wa kurudisha mafuta yake. Leo nimempitishia glavu ya mpira kuondoa yaliyokufa, kisha kitambaa cha mahameli, kufuata ulalo wa manyoya, mpaka mgongo ukang'aa kama jiwe lililolowa. Meno nimemsafisha. Nimemfungulia ile sauti ya vipaza sauti na makofi niliyoizoesha masikio yake tangu Mei. Aliinua kichwa, akaniangalia, akalala.

Mzee alikuja saa kumi na moja jioni kuigiza jaji. Ni mtu mrefu, mikono mikubwa, na Kusi hajawahi kuguswa mdomoni na mtu mwingine zaidi yangu. Nilisema mguu sawa. Mzee akainama, akafunua mdomo, akatazama meno pande zote mbili, akaachia. Kusi alilamba pua yake. Basi.

Fomu inauliza daraja: chini ya inchi 23, au 23 na kuendelea. Kwa miezi yote hii nimekuwa nikisoma ile alama ya penseli nikijua yupo daraja la wadogo. Mzee alipoondoka nilichukua kitabu kilekile, nikamwita mlangoni. Alisimama mwenyewe, shingo juu, mkia umening'inia bila kubanwa kati ya mapaja. Nilipima mara tatu.

Inchi 23 na nusu. Mbwa mtu mzima haongezeki urefu. Siku ile ya kwanza alikuwa amejikunyata, na mimi sikujua kutofautisha.

Nimejaza fomu: 23 na kuendelea.