Splinti zangu na ule utafiti wa watu 63

Kwa miaka kadhaa kama kuna kitu nilikuwa najiona fundi kweli kweli basi ni kutengeneza splinti, kile kifaa kigumu cha plastiki cha kuushikilia mkono ukae umenyooka. Mimi ni mtu wa tiba kwa vitendo, wodini wanatuita tu OT, na mgonjwa wa kiharusi akiletwa mkono umeanza kujikunja mimi tayari niko kwenye maji ya moto. Ile plastiki unaitumbukiza kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 70 hivi, inalegea kama kitambaa kilicholowa, unaitoa, unaipangusa, unaijaribu kwanza kwenye mkono wako mwenyewe isije ikamuunguza mtu, afu una dakika chache tu za kuilaza kwenye kiganja cha mgonjwa kabla haijawa ngumu, huku umemnyoosha vidole, huku unaangalia gumba limekaaje, huku unamwambia mzee tulia kidogo, tulia, nakaribia kumaliza. Ikishaganda unakunja kingo kwa nje zisimchubue, unaweka mikanda, unamkabidhi. Vaa usiku kucha. Ndugu wanafurahi, daktari anafurahi, na kwenye faili inaandikika vizuri.

Sasa mwaka 2007 Natasha Lannin, OT mwenzetu wa Australia, na wenzake wakatoa utafiti wa watu 63 waliopata kiharusi muda si mrefu. Wakawagawa makundi matatu kwa bahati nasibu: wa kwanza splinti iliyoacha kifundo cha mkono kimelala kawaida, wa pili splinti iliyoinua kifundo juu, wa tatu hawakuvaa kitu. Wiki 4, muda usiozidi jumla ya saa 12 kila usiku, na wote wakaendelea na mazoezi yao kama kawaida. Wiki 4 zikaisha, wakapima misuli inavutika kiasi gani, na hamna tofauti ya maana. Waliovaa na wasiovaa walewale.

Mimi nilikuja kuusoma baadaye sana na nakiri nilichofanya kwanza ni kukasirika. Nikatafuta kasoro. Watu 63 ni wachache, wiki 4 ni chache, halafu wagonjwa wangu mimi mikono yao sio hiyo. Si unajua mtu akiambiwa kitu anachokipenda hakina kazi anavyokuwa? Nikasoma tena wiki iliyofuata na kasoro zikawa hazitoshi. Splinti bado natengeneza, kwa mtu aliyeungua moto au aliyekatika kano ya kidole (ule mshipa unaovuta kidole) akashonwa hiyo ni habari nyingine kabisa, huyo tishu yake inapona na inatakiwa ikae mahali fulani. Ila ile ya kumvisha kila mwenye kiharusi kwa sababu tu mkono umeanza kujikunja, niliacha. Na hapo ndo nilipoanza kusoma tafiti za utengamao, yaani za kumrudishia mtu uwezo wake baada ya kuugua, kwa jicho la shari, kila moja naiuliza: wagonjwa gani hawa, wamepewa kiasi gani, na mmepima nini?

Chukua hii ya kumfunga mtu mkono ulio mzima ili atumie ule ulioathirika. Chanzo chake ni Edward Taub, mwanasaikolojia wa Marekani, alikuwa anakata neva za hisia za mkono mmoja wa kima, na kima akawa hautumii tena ule mkono japo misuli ilikuwa bado inaweza kufanya kazi. Akiufunga ule mzima, kima anautumia ule mwingine. (Kazi hiyo ilimfikisha mahakamani mwaka 1981 kwa tuhuma za ukatili kwa wanyama na hukumu ikaja kutenguliwa, ni hadithi ndefu na siyo ya leo.) Taub akasema yule kima hajashindwa tu, amejifunza kutoutumia: alijaribu siku za mwanzo ikagoma, akakata tamaa, na mwili ulipoanza kurudi yeye hana habari. Ukikaa na watu wa kiharusi utaliona hili kila siku, mama anashika kikombe kwa mkono wa kushoto, umemwambia jaribu wa kulia, anaujaribu, unaenda! Anashangaa yeye mwenyewe. Ukigeuka tu kikombe kiko kushoto tena.

Basi mwaka 2006 ukatoka utafiti mkubwa ulioitwa EXCITE, Steven Wolf na wenzake, watu 222 waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 nyuma. Kundi moja walivalishwa glavu nene kwenye mkono mzima, lengo ni kuivaa asilimia 90 ya muda wote walio macho kwa wiki 2, na siku za kazi wanafanyishwa mazoezi yanayofika jumla ya saa 6 kwa siku. Saa 6! Na faida ilikuwa bado ipo mwaka mmoja baadaye. Mimi nikisimulia hii kwa wanafunzi wanasikia neno glavu tu. Kesho yake utakuta mtu kamvalisha mgonjwa glavu kamuacha kitandani na kaondoka zake, anasubiri miujiza. Glavu sio dawa jamani, ni zile saa. Na si kila mkono ulikubaliwa kuingia kwenye utafiti ule, ilibidi kifundo kiweze kuinuka angalau kidogo na gumba na vidole viwe na uhai wa kufunguka. Ukimfunga mkono mzima mtu ambaye ule mwingine haufunguki hata kidogo, umemfanya asiye na mikono miwili.

Hapo kwenye kiasi ndipo penye utamu, maana mtu anaweza kutoka hapo akasema aah kumbe dawa ni kuzidisha. Haya.

Mwaka 2009 kuna utafiti wa Schweickert na wenzake, wagonjwa 104 wa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) wanaopumulia mashine. Kila siku wanapunguziwa dawa za usingizi, na kundi moja mara tu wanapoamka kidogo wanaanzishwa na fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) na OT: kukaa ukingoni mwa kitanda, kujifuta uso, kushika mswaki, mirija yote ikiwa bado mwilini. Waliotoka hospitali wakiwa wanajitegemea walikuwa asilimia 59, kundi lingine asilimia 35, na siku za kuweweseka zikawa 2 badala ya 4. Ulimwengu wetu ukashangilia, mimi pia. Neno "mapema" likawa kama wimbo, kila mgonjwa mapema, mapema.

Afu ukaja utafiti wa AVERT mwaka 2015. Hii ni ya kiharusi, watu 2,104 kwenye nchi 5, kundi moja wanatolewa kitandani ndani ya saa 24, mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi kuliko kawaida. Baada ya miezi 3 waliokuwa na hali nzuri walikuwa asilimia 46, na wale wa huduma ya kawaida asilimia 50. Yaani waliosukumwa sana ndo walioangukia pabaya. Julie Bernhardt aliyeiongoza ni mtu aliyekuwa anaamini kabisa kuamsha watu mapema, na bado akayatoa matokeo kama yalivyo, kwa hilo namvulia kofia. Walipochambua zaidi wakaona vipindi vifupi vifupi mara nyingi vinaendana na hali nzuri, ila ukirefusha dakika mambo yanaharibika. Na ICU kwenyewe mwaka 2022 utafiti wa TEAM, watu 750, wakaongeza dozi ya kumtembeza mgonjwa juu ya huduma ambayo tayari ilikuwa nzuri, hakuna kilichoongezeka zaidi ya matukio mabaya kama mapigo ya moyo kuvurugika na presha kuyumba.

Kwa hiyo saa 6 kwa siku kwa mtu wa mwezi wa 4 ni dawa, na dakika nyingi kwa mtu wa siku ya kwanza ni sumu, na wote wawili kwenye faili wameandikwa kiharusi. Ndo maana mtu akiniambia "utafiti unasema mazoezi yanasaidia" namwangalia tu.

Kwa watoto wenye mtindio wa ubongo sitasema mengi maana sio kundi langu, ila Iona Novak, naye OT, ameipanga miaka kwa miaka ile orodha yake ya taa za barabarani, kijani fanya, nyekundu acha, na kwenye kijani kumejaa vitu ambavyo mtoto mwenyewe anafanya kwa ajili ya lengo analolijua, na kule kwenye nyekundu kuna mengi ambayo mtu mzima anamshika mtoto na kumnyoosha nyoosha. Niliposoma mara ya kwanza nikakumbuka splinti zangu.

Wazee wanaoanguka nyumbani ni habari njema fupi: OT akienda nyumbani akaondoa vya kujikwaa, akaongeza taa na vishikio, kuanguka kunapungua, hasa kwa wale ambao wameshaanza kuanguka. Kwa mzee ambaye yuko fiti hajawahi kuanguka, faida haionekani.

Dimenshia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili, ndo ilinivuruga. Uholanzi mwaka 2006 Maud Graff na wenzake, jozi 135 za mgonjwa na anayemtunza, OT anakwenda nyumbani mara 10 ndani ya wiki 5, na matokeo mazuri mno, mgonjwa anafanya kazi zake vizuri zaidi na mtunzaji anajiona anaweza. Ujerumani wakaichukua programu ileile, mwaka 2011, hamna tofauti. Uingereza wakairekebisha iendane na kwao, jozi 468, mwaka 2021, hamna tofauti tena. Sasa watu wakaanza kulaumiana. Mimi ninavyoona (na hapa ni maoni yangu tu) waliobeba programu walibeba ratiba, mara 10 wiki 5, na ratiba ndo sehemu nyepesi. Tena kule Ujerumani hata kundi la kulinganisha lilipewa kikao kimoja cha ushauri na OT, pengine kikao kimoja kizuri sio kidogo.

Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, vilevile. Uingereza 2016, watu 762, fizio na OT, wastani wa ziara 4 za kama saa moja ndani ya wiki 8, haikusaidia. Uholanzi 2014, watu 191, wiki 10 za OT nyumbani, ikasaidia. Lakini angalia walichopima! Waingereza walitumia dodoso la shughuli za kila siku ambalo ni moja kwa wote. Waholanzi walimuuliza kila mgonjwa ataje mwenyewe mambo yanayomsumbua na ajipe alama 1 hadi 10, kile kipimo cha Wakanada, COPM. Mwenye kushuku atasema mtu anayetembelewa kila wiki lazima ajipe alama nzuri, na hajakosea, mgonjwa anajua yuko kundi gani. Mimi pia nashuku. Ila nashuku na upande wa pili.

Nitakwambia kwanini. Kuna mzee mmoja wa kiharusi, mkono wa kulia, nilikuwa nimemuandikia malengo yangu ya kawaida, kuvaa, kuoga, kula. Kwa shingo upande nikamfanyia COPM, nikamuuliza hasa hasa unataka kufanya nini? Akanyamaza muda. Akasema, "Kufunga mlango kwa ufunguo usiku. Saa hizi anafunga mwanangu." Basi nikatafuta kitasa, nikakifunga kwenye ubao, tukawa tunakizungusha siku baada ya siku, kwanza ufunguo mnene wenye mpini niliouongezea kwa mabaki ya plastiki ya splinti, baadaye ufunguo wa kawaida, ukianguka anaokota mwenyewe hataki msaada. Wiki ya 7 hivi akaufunga mlango.

Tulipomaliza nikampima Barthel, kile kipimo cha mtu anavyojitegemea, cha 1965, chenye alama hadi 100 na vipengele 10, kula, kuoga, choo, ngazi na vingine. Alianza na 85 akamaliza na 85, maana ufunguo haumo. Nikaandika 85, halafu pembeni kwa kalamu, nje ya kisanduku: anafunga mlango.