Wili silinda za Land Rover yangu ya zamani

Land Rover ya marehemu baba ni Series III, toleo lililoundwa kati ya 1971 na 1985. Breki zilikuwa zinavuja, na kuteremka kutoka Kawetele bila breki ni kutafuta kifo. Nilinunua wili silinda, yaani vile vipande vinavyosukuma breki ndani ya gurudumu, mara mbili, zote zikagoma kukaa. Muuzaji mmoja aliniambia, "Kaka, Land Rover zote ni zilezile." Si kweli!

Mzee mmoja fundi pale Mwanjelwa hakugusa hata spana. Alichukua tepu, akapima kutoka katikati ya tairi la mbele hadi la nyuma: sentimita 277. "Hii ni 109, mwanangu. Wewe umeletewa za 88." Namba hizo ni inchi kati ya eksel ya mbele na ya nyuma; ile fupi, ya 88, ingetoa sentimita 223 na ushee. Tukafungua dramu ya breki, nayo ikapima inchi 11. Nyingi za 88 zina inchi 10.

Niliporudi dukani nilibeba silinda kuukuu mfukoni, imefungwa gazeti, ikinuka oili. Tukazilinganisha tundu kwa tundu. Zikaingia. Kilichobaki kilikuwa kutoa upepo kwenye mabomba ya breki tu.