Taa zilianza kusaidia nilipompa mwenyewe swichi

Mwanangu ana mtindio wa ubongo, macho yenyewe ni mazima ila ubongo ndio unapata shida kupokea kile jicho linachoona, na tunaishi na kaka yangu ambaye ni mtu mzima, ana usonji na haongei. Sasa niliposikia habari za vifaa vya taa vya kuamsha au kutuliza hisia za watu kama hawa nikasema hii ni ya wote wawili, nikaanza kukusanya kidogo kidogo, lile bomba refu la maji mapovu yanapanda huku rangi inabadilika, fungu la nyuzi za faiba zinazowaka, projekta ya nyota, na taa za LED za kubandika ukutani.

Siku ya kwanza nikawasha zote kwa mpigo. Jamani! Mtoto akakakamaa, akageuza kichwa upande ambao hauna taa hata moja, akaanza kulia. Kaka akaziba masikio (kumbe pampu ya mapovu inanguruma, mimi hata sikuisikia) akatoka zake. Nikakaa pale peke yangu kama mwenye disko lisilo na watu.

Mtaalamu wa tiba kazi, yule anayemsaidia mtu kufanya shughuli zake za kila siku, nilipomsimulia akaniuliza maswali mawili tu: ulitaka aangalie ipi kati ya hizo? Na nani alikuwa anabonyeza? Nikakosa jibu.

Basi nikaanza upya na taa moja, nyekundu, maana watoto wengi wenye shida ya kuona ya aina hii wanashika haraka nyekundu au njano, nikatundika shuka jeusi nyuma yake ili pasiwe na kitu kingine cha kuangalia. Nikamweka vizuri kwenye kiti, kichwa kimeegemea, kwa sababu akihangaika kushikilia shingo hana nguvu ya kuangalia chochote. Halafu nikanyamaza, na hapo ndipo palinishinda kuliko yote, kunyamaza. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, nafika 10 natamani kumtikisia taa, nafika 20, ndipo macho yanakuja taratibu, yanagusa taa, yanaondoka, yanarudi.

Baadaye nikaunganisha swichi moja kubwa bapa, ukigusa popote inawaka. Mkono wake haufunguki vizuri, nikahangaika nao wiki nzima, kumbe kiwiko ndio kina nguvu. Nikaihamishia swichi kwenye kiwiko. Kikagonga kwa bahati mbaya, taa ikawaka, akashtuka. Ikazima. Akatulia, naona anafikiria kabisa, halafu bega likasogea, kiwiko kikashuka, pwa! Ikawaka. Akatoa kile kicheko chake cha kukatikakatika na mimi nikaenda jikoni kulia.

Kaka yeye swichi hakuitaka, alitaka faiba. Anazipitisha kwenye vidole kama anachana nywele, anavuma kwa sauti ya chini, anaweza kukaa nusu saa. Uzuri wa faiba ni kwamba umeme unabaki kwenye boksi la taa, ndani ya uzi unapita mwanga tu, haupati moto, hata akizifunika usoni sina presha. Ila boksi naliweka mbali na mikono, na nyuzi zikianza kukatika naziondoa kabla hazijaingia mdomoni.

Hii ya kumwekea mtu chumba cha taa na vitu vya kuamsha hisia haikuanza jana, ilianzia Uholanzi miaka ya 1970, wanaiita snoezelen, na tangu mwanzo ilikuwa mtu achague mwenyewe anachotaka, asilazimishwe. Kuna utafiti pia wa Chuo Kikuu cha Cardiff kwa watoto wenye usonji, walipodhibiti vifaa wenyewe walikuwa makini zaidi kuliko walipobonyezewa. Ningejua mapema nisingefanya lile disko.

Mambo mawili sifanyi nayo utani. Mwanangu ana kifafa, kwa hiyo nilimuuliza daktari kwanza, wengi wenye kifafa mwanga hauwasumbui ila wapo ambao unawasumbua, na hatari kubwa ni mmweko wa mara 3 mpaka 30 kwa sekunde moja. Rimoti za LED nyingi zina kitufe cha kumwekamweka, hicho nimekifunika kwa selotepu. La pili ni vile vibetri bapa kama sarafu, kikimezwa kinaweza kuunguza koo ndani ya masaa 2, kitu chochote ambacho kifuniko chake cha betri hakina skrubu kwangu hakiingii.

Bomba la mapovu tulilirudisha baada ya miezi kadhaa, pampu nimeiwekea sponji chini kelele imepungua. Kaka sasa ndio ameikamata rimoti, anataka bluu. Mtoto kiwiko chake kinaleta nyekundu. Wanabadilishiana hivo jioni nzima, bluu, nyekundu, bluu, na juzi kaka aliweka rimoti chini, akamwangalia mtoto, akasubiri zamu yake.