Simu ya sista wa Tandahimba

Yani toka Jumanne nina furaha moja haitaki kutulia, napika nayo, napanda nayo mwendokasi, nimemsimulia dada mpaka kaniambia basi jamani nimesikia. Kwa hiyo naileta huku.

Kazi yangu mnaijua, mimi na eksel toka asubuhi mpaka jioni, fomu na takwimu za zahanati. Jumanne mchana ikaingia namba nisiyoijua, nikajua tu ni mambo ya posho za semina. Na kweli alianza na hayo. Muuguzi wa zahanati moja huko Tandahimba, Mtwara, sauti ya mtu mzima, nikamwamkia shikamoo sista, marahaba mwanangu, tukamaliza ya posho, naanza kuaga akasema, "Ngoja kwanza. Hivi ile karatasi mpya ya kujumlishia mmeipanga nyie hapo?"

Nikamwambia nimeipanga mimi.

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, sista."

"Haya mwanangu, Mungu akuzidishie. Mwezi huu nimefunga hesabu mapema, nimefika nyumbani jua halijazama."

Nikasema asante sana sista, simu ikakatika, salio au mtandao sijui.

Kwa ambao hamjawahi kuona, mwisho wa mwezi zahanati inafungua vitabu vya MTUHA, yaani rejista za serikali za huduma za afya, cha wagonjwa wa nje, cha wajawazito, cha watoto, na mtu anahesabu mstari kwa mstari, wangapi wa umri gani, wangapi wamepimwa malaria, ndipo jumla ziende wilayani zikaingizwe kwenye DHIS2, ule mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Na mara nyingi anayehesabu ni huyohuyo aliyezalisha usiku kucha. Karatasi yetu ya zamani ya kujumlishia haikufuata mpangilio wa kitabu, kwa hiyo sista anafunua mbele, anarudi nyuma, hesabu inampotea anaanza upya. Mimi nilichofanya ni kupanga safu zifuatane na kitabu na kuweka mstari mzito kila baada ya watu kumi, jicho lipate pa kushika. Hakuna aliyeniagiza, na kwenye ripoti ya robo mwaka haikutajwa popote.

Wiki hiihii tumehamia ghorofa ya juu, mkataba wangu umeongezwa, na dada kavalishwa pete alhamdulillah, lakini nikiweka kichwa kwenye mto nasikia jua halijazama, jua halijazama. Nawaza alifika akakuta nini. Pengine wajukuu walikuwa bado wanacheza nje, pengine aliwahi hata kuoga kabla ya giza. Najua ni mtu mmoja na ni mwezi mmoja, lakini sijawahi kupewa zawadi kubwa hivyo hapa kazini.

Sasa Alhamisi ndo mambo yakageuka. Ikaja ile fomu ya kupima furaha ya wafanyakazi, moja mpaka tano, unaridhika na kiti, na intaneti, na mshahara, na msimamizi wako. Nikajaza yote, nikafika mwisho natafuta pa kuandika habari ya sista, hakuna. Nikageuka kwa jirani yangu wa meza, yule kaka wa ripoti za wafadhili, nikamuuliza hivi kuna mtu amewahi kukupigia kuhusu kazi yako? Akafikiri kidogo. "Wananipigia ikichelewa." Akaendelea kujaza.

Iliniuma sana. Huyu kaka anaandika kutushinda wote, ripoti zinaenda Ulaya, zinarudi na neno moja tu, imepokelewa, na siku hizi anavaa hedifoni toka anaingia mpaka anatoka. Nikamwambia, kaka, unajua ile mizani mpya ya watoto ilinunuliwa kwa sababu ya ripoti yako? Akatoa hedifoni sikio moja.

"Ipi, ile ya mwaka jana?"

"Ndiyo."

"Mbona hakuna aliyeniambia."

Kuna utafiti wa Teresa Amabile wa Harvard na wenzake, waliwaomba watu 238 kwenye kampuni 7 waandike shajara kila siku ya kazi, zikafika karibu 12,000, watu wa kazi za kichwa kama sisi. Kilichowapa siku njema kuliko vyote ni kuona kazi yenye maana kwao imesogea, hata kidogo tu. Mameneja walipopewa mambo matano wayapange kwa uzito, hilo wakaliweka mwisho kabisa. Mimi naliamini kabisa, maana mama yangu ni fundi cherehani, pesa hajawahi kuwa nayo, lakini sikukuu anakaa barazani anaona magauni yake yanapita. Sisi tunabonyeza tuma, basi, faili limekwenda, na ofisi zimepangwa hivyohivyo, anayeifanya kazi asikutane kabisa na anayeitumia.

Kwa hiyo Jumatatu namwomba bosi, na nitamwomba kweli, safari ijayo ya Mtwara kaka aende na sisi uwandani. Kaandika kuhusu hao masista miaka yote na hajamuona hata mmoja. Nitaambiwa bajeti haipo. Lakini tim bildingi ya Bagamoyo imepatiwa bajeti, na siichukii, tutakula samaki na tutacheka, ila nauli ya mtu mmoja kwenda Mtwara ingemfanyia huyu kaka kitu ambacho Bagamoyo haiwezi. Bosi akikataa nitampa kaka namba ya sista, nikishamwomba sista ruhusa.

Halafu kuna Mzee. Toka juzi simu yake inaita tu haipokelewi, mama anasema yuko shamba Kilosa na chaji imemwishia, lakini simu iliyoisha chaji si haiiti? Na dawa zake za presha nilizotuma kwa basi, wakala anasema hazijachukuliwa.